Marehemu Anakumbukwa kwa Ajili ya Nani?

Turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, na mmoja wa wanafamilia anasimama kusoma wasifu wa marehemu. Watu wa Bweri wanaijua saa hii. Tuseme anayezikwa ni tabibu mstaafu, aliyeanza kazi katika zahanati ya kijijini, akamalizia utumishi wake mjini Musoma, kisha akaishi miaka yake ya mwisho nyumbani na mkewe, watoto na wajukuu. Wasifu unataja mwaka wa kuzaliwa, shule, vituo vya kazi, mwaka wa kustaafu, ugonjwa na siku ya kufa. Dakika kumi zimekwisha. Lakini karibu kila mmoja aliyeketi pale anajua jambo fulani juu yake ambalo halikusomwa.

Soma Mhubiri 9:5, 6 na Yohana 11:11–14. Tunaamini kwamba kifo ni usingizi. Aliyelala hasikii sifa zetu, hazimwongezei kitu, wala ukimya wetu haumwumizi. Basi imani hii inatuletea swali ambalo wengine wanaweza kulikwepa: kama marehemu hasikii, tunamkumbuka kwa ajili ya nani? Wengi watajibu kwamba tunaifariji familia. Ni kweli, nayo ni kazi njema. Hata hivyo, faraja iliyojengwa juu ya maneno ya kupamba haidumu. Mjane akirudi chumbani usiku ule, anajua lipi lilikuwa kweli na lipi lilikuwa la kipaza sauti.

Ushuhuda wa Yafa

Soma Matendo 9:36–42. Tabitha alipokufa, Petro aliitwa kutoka Lida. Alipopandishwa orofani alikuta wajane wakilia, nao hawakumweleza Tabitha alikuwa na cheo gani katika kanisa la Yafa. Walimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Kila mmoja alishuhudia kile kilichomgusa yeye mwenyewe. Aliyetuandikia habari hii ni Luka, ambaye Paulo anamtaja katika Wakolosai 4:14 kuwa tabibu. Huenda mtu wa kazi ile alijua vizuri kwamba wema hutambuliwa kwa yule aliyeupokea.

Tabibu wetu wa Bweri ana shida moja ambayo Tabitha hakuwa nayo. Kazi yake haikuacha nguo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilipoeneza zahanati vijijini, waganga wasaidizi na wakunga ndio waliobeba huduma mahali ambapo daktari hakuwapo. Watu waliwaita madaktari tu, kwa kuwa hawakuwa na mwingine. Siku hizi mama mjamzito anayepata dharura anaweza kuitiwa usafiri kwa namba 115. Wakati ule hodi ilipigwa dirishani usiku, na mgonjwa alifika kwa baiskeli, kwa machela ya miti au kwa mtumbwi.

Mtoto aliyepokelewa usiku kama huo leo ni mtu mzima. Pengine anaendesha bodaboda pale stendi ya Bweri na hajui hata jina la aliyempokea. Ndivyo ulivyo uganga ukifanikiwa: mgonjwa anapona, anarudi shambani, anasahau. Basi wanaokumbuka wasipofungua kinywa, hakuna nguo itakayosema kwa niaba yao.

Visanduku vitupu

Kuna kumbukumbu nyingine juu ya mtu huyu, nayo iko katika kitabu cha mahudhurio cha darasa lake la Shule ya Sabato. Sabato nyingi kisanduku chake ni kitupu. Msibani mtu anaweza kumnong'oneza jirani yake: "Alikuwa mtu mwema, ila kanisani alikuwa haonekani."

Soma Luka 14:1–6. Yesu alimponya mgonjwa siku ya Sabato, kisha akawauliza waliokuwa wakimvizia kama wao wangemwacha ng'ombe wao kisimani mpaka siku ipite. Hawakuwa na jibu. Ugonjwa hausubiri jua lizame. Lakini tuwe wakweli pande zote mbili. Mtu anaweza kuifanya rehema kuwa kisingizio, na zamu aliyoiomba kwa ajili ya posho tu haifanani na ng'ombe aliyetumbukia. Kwa sababu hiyo wako Waadventista katika kazi ya afya ambao ujira wa saa za Sabato huutoa kuwa sadaka, wapate kuwa na dhamiri safi. Nani anajua moyo wa tabibu huyu ulikuwaje? Kitabu cha mahudhurio kinasema kweli kwamba hakuwapo. Hakisemi alikuwa wapi. Darasa lililoweka alama ya utoro lilikuwa na wajibu wa pili: kwenda kumtembelea na kumwuliza.

Na wale wa nyumbani?

Mwaka 2000 ugonjwa wa Ebola ulipozuka Gulu, kaskazini mwa Uganda, Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor alikuwa Kampala kwa masomo. Aliitwa, akarudi, akaongoza matibabu, akaambukizwa na kufa tarehe 5 Desemba mwaka ule. Aliacha mke na watoto watano. Anastahili heshima anayopewa. Lakini ukimtaja, wataje na hao sita, kwa maana nao walitoa.

Tabibu wa Bweri hakufia kazini. Alirudi nyumbani alfajiri, akanawa mikono, akawaamsha watoto waende shule. Alifanya hivyo miaka mingi, na hakuna aliyemwandika popote. Soma 1 Timotheo 5:8. Paulo anaweka kutunza watu wa nyumbani mwako katika kipimo cha imani yenyewe. Mtu anayeamka saa tisa ya usiku kwa ajili ya mgeni, halafu wanawe wakamkosa kila siku, amelipa deni moja kwa kukopa jingine. Je, tabibu wetu aliweza kulipa yote mawili? Mkewe na watoto wake ndio wanaojua. Watasema kwamba alikuwapo, na huenda watasema pia kwamba uchovu ulimfanya awe mkali, na kwamba jioni nyingine alikaa kimya asiongee na mtu. Waachwe waseme.

Wengine wataona si adabu kutaja upungufu wa marehemu. Ni kweli msiba si mahali pa kulipiza kisasi. Hata hivyo, soma 1 Wafalme 15:5. Maandiko yanamsifu Daudi kwa mwenendo wake, na katika sentensi hiyo hiyo yanamtaja Uria Mhiti. Sifa ile tunaiamini zaidi kwa kuwa haikuficha. Mjukuu akisikia kwamba babu hakukosea kamwe, atamstaajabia, kisha ataona hawezi kumfuata. Akisikia kwamba babu alichoka, alikasirika, aliomba msamaha, na kesho yake akaamka tena hodi ilipopigwa, ana njia ya kupita.

Mungu hasahau

Soma Waebrania 6:10. Kazi ya upendo iliyofanywa kwa jina lake, Mungu haipotezi. Kwa hiyo hatuhitaji kumpamba marehemu ili asipotee. Yuko salama katika kumbukumbu ya Yule atakayemwamsha. Sisi tunakumbuka kwa kuwa tulipokea, na aliyepokea ana deni. Deni hilo halilipwi kwa marehemu. Hulipwa kwa jirani aliye hai, kwanza kwa mjane aliyeachwa. Turubai likishafunguliwa na viti kurudishwa, nani atapiga hodi kwake Sabato ijayo alasiri?

Maswali ya kujadili

1. Kama wewe ungesimama kati ya wajane wa Yafa, ungeonyesha nini ulichopokea kwa mtu aliyelala katika kanisa lenu? Je, umewahi kukisema mbele ya watu?

2. Ni yupi katika darasa lenu ambaye kisanduku chake kimekuwa kitupu kwa muda? Nani amekwenda kumwuliza?

3. Tunawezaje kusema kweli msibani bila kuumiza wafiwa na bila kudanganya watoto?