Gitaa la Vipande na Swali la Muundaji

Gitaa la umeme la kujiundia huuzwa likiwa vipande ndani ya boksi. Kiwiliwili cha mbao kimeshakatwa kwa mashine na kuchimbwa nafasi za nyaya. Shingo imeshachongwa na kupigwa freti, vile vyuma vyembamba vinavyozigawa noti. Vinasa mtetemo, ambavyo ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu, navyo viko tayari. Katika mifuko midogo ya plastiki mna vikazio vya nyuzi, daraja, swichi, vidhibiti vya sauti na skrubu. Mnunuzi hupiga msasa, hupaka rangi au vanishi, hufunga shingo, hulehemu nyaya, huvalisha nyuzi na kurekebisha. Kazi ikiisha husema kwamba gitaa hilo ameliunda mwenyewe. Je, kauli hiyo ina ukweli kiasi gani?

Majibu mawili huja haraka, na yote mawili hayatoshi. La kwanza ni kwamba mtu huyo ameunganisha tu, hakuunda. Lakini anayejibu hivyo anadai sharti ambalo hakuna fundi aliyewahi kulitimiza. Antonio Stradivari hakuiotesha miti ya milima ya Alpi iliyompa mbao za fidla zake. Mafundi wa klarineti wa Ulaya hutegemea mpingo unaokatwa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, na hakuna anayewanyima heshima ya uundaji eti kwa kuwa mti haukuota uani kwao. Jibu la pili husema kwamba kabla ya mtu huyo kulikuwa na boksi, baada yake kuna gitaa, kwa hiyo muundaji ni yeye. Hili nalo linampa zaidi ya haki yake. Anayegeuza ufunguo wa gari naye huanza na chuma kilichotulia na kuishia na chombo kinachokwenda.

Aristotle, katika kitabu cha pili cha Fizikia, alifundisha kwamba kitu hakijulikani sawasawa mpaka zijulikane sababu zake nne: kimetokana na nini, kina umbo gani, nani au nini kilichokifanya kiwepo, na kipo kwa ajili ya nini. Gitaa la vipande likipimwa hivyo, mali ghafi si ya mnunuzi. Umbo pia si lake, kwani seti nyingi hufuata michoro ya zamani: Telecaster na Stratocaster za Fender, au Les Paul ya Gibson iliyotoka mwaka 1952. Sababu ya tatu, ile ya mtendaji, imetawanyika. Kuna aliyechora, kuna aliyeipa mashine maelekezo, kuna mfanyakazi wa kiwandani aliyepiga freti, na mwisho kabisa kuna mwenye bisibisi. Ni sababu ya nne pekee iliyo mikononi mwake yote. Yeye ndiye anayejua gitaa linatakiwa lilie vipi, litapigwa wapi na nani.

Kutawanyika huko hakukuanza na maboksi ya leo. Leo Fender, wa Fullerton huko California, alisomea uhasibu, akafungua duka la kutengeneza redio, na hakujua kupiga gitaa. Mwaka 1950 alitoa gitaa la ubao mzima ambalo mwaka uliofuata lilipewa jina la Telecaster. Magitaa ya kabla yake kwa kawaida yaliungwa shingo kwa gundi, kazi iliyohitaji fundi aliyebobea. Yeye aliifunga shingo kwa skrubu nne. Shingo na kiwiliwili viliweza kutengenezwa na watu tofauti, kwenye pembe tofauti za kiwanda, na shingo ikiharibika ilifunguliwa ikawekwa nyingine. Kwa maneno mengine, gitaa la Fender lilikuwa seti ya vipande tangu lilipozaliwa. Kilichofanywa baadaye na wauzaji wa maboksi ni kuihamisha hatua ya mwisho kutoka kiwandani hadi mezani kwa mteja. Tadeo Gomez, mmoja wa waliochonga shingo hizo katika miaka ya 1950, aliacha herufi za jina lake kwa penseli kwenye kisigino cha shingo, mahali panapofunikwa shingo ikishafungwa. Abigail Ybarra, aliyeanza kazi hapo mwaka 1956, alizungusha waya wa vinasa. Leo wakusanyaji huitafuta kazi ya watu hawa wawili. Kichwani mwa gitaa, hata hivyo, limeandikwa jina moja tu.

Wanateolojia walilishughulikia swali hili muda mrefu kabla ya umeme, na kwa makini kuliko wanavyodhaniwa. Katika Uislamu, majina matatu ya Mwenyezi Mungu yanafuatana mwishoni mwa Surat al-Hashr: Al-Khaliq, Al-Bari, Al-Musawwir. Msomaji wa haraka angeyachukua kuwa kitu kimoja kilichosemwa mara tatu. Mwanazuoni Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliyatenganisha kwa mfano wa nyumba. Nyumba huhitaji mtu wa kukadiria na kupanga, kisha wa kujenga, kisha wa kuirembesha. Kwa wanadamu hawa huwa watu watatu, lakini Mungu hana mshirika katika lolote kati ya hayo. Mpangilio huo ukiwekwa juu ya gitaa la vipande lenye mchoro wa Fender, mpangaji ni Leo Fender aliyefariki mwaka 1991, mjenzi ni kiwanda, na mnunuzi anabaki na daraja la tatu, la mrembaji. Hukumu hiyo ni kali, na kwa wengi wanaoridhika na kupuliza rangi ni ya haki kabisa.

Hata hivyo haimalizi shauri, na sababu inapatikana katika mjadala mwingine wa Kiislamu, ule wa matendo ya binadamu. Wanateolojia wa Mu'tazila walishikilia kwamba mtu huyafanya matendo yake kwa uwezo aliopewa na Mungu. Al-Ash'ari na wafuasi wake walijibu kwamba hakuna muumba ila Mungu, na kwamba tendo huumbwa na Yeye, ila mtu hulichuma na kulibeba. Walitofautiana sana juu ya chanzo cha tendo, lakini pande zote mbili zilikubaliana kwamba mtu ataulizwa. Hapa ndipo penye faida kwa swali la gitaa. Inawezekana kabisa mtu asiwe chanzo cha kitu na bado awe mwenye kukijibia.

Kitabu cha Kutoka kinatoa mfano ulio karibu zaidi na boksi la vipande kuliko mtu angetarajia. Bezaleli mwana wa Uri anatajwa kwa jina na kabila lake kuwa fundi wa hema la kukutania, pamoja na Oholiabu. Lakini ramani haikuwa yake. Musa alionyeshwa mfano mlimani. Dhahabu, nyuzi na mbao hazikuwa zake. Watu walichanga, wakazidisha mpaka wakaombwa waache. Bezaleli alipewa umbo na akapewa mali. Kilichobaki kuwa chake ni ustadi, ambao nao maandiko yanasema alijazwa na Roho wa Mungu. Kwa kipimo cha wenye jibu la kwanza hapo juu, Bezaleli ni muunganishaji tu. Maandiko hayamwoni hivyo, na ni vigumu kuamini kwamba yamekosea.

Kinachohitajika basi ni kipimo kinachotambua ustadi bila kumpa mtu kazi ya wenzake. David Pye, fundi na mwalimu wa usanifu wa Uingereza, alikitoa mwaka 1968. Alitofautisha kazi ya uhakika, ambayo matokeo yake yameshaamuliwa kabla haijaanza, na kazi ya hatari, ambayo ubora wake unategemea mkono na uangalifu kila dakika, hivyo kwamba inaweza kuharibika wakati wowote. Mpaka huu hupita katikati ya gitaa la vipande, na unaweza kufuatwa hatua kwa hatua.

Nafasi za freti ni kazi ya uhakika. Kila freti huusogeza mtetemo kwa uwiano wa takriban 1.0595, na kiwanda kimeshazikokotoa nafasi hizo na kuzikata. Mnunuzi hana sifa wala lawama. Daraja ni jambo jingine ikiwa matundu yake hayajatobolewa. Kwenye gitaa lenye urefu wa uzi wa milimita 648, freti ya 12 hukaa milimita 324 kutoka mwanzo wa uzi, na daraja lazima liwe na masafa kama hayo upande wa pili, pamoja na nyongeza kidogo ambayo hutofautiana uzi kwa uzi. Keekee ikiteleza, gitaa litakuwa na noti za chini zilizo sahihi na za juu zinazopotoka. Kile kipande cha mfupa au plastiki kinachozipokea nyuzi kichwani mwa shingo nacho ni mtihani. Mifereji yake hushushwa kwa tupa, kidogo kidogo. Ikizidi kwa sehemu ndogo tu ya milimita, uzi hukwaruza freti ya kwanza, na mfupa ulioondolewa haurudishwi. Tone la gundi lisiloonekana kwenye mbao hukataa rangi na kuacha doa jeupe ambalo vanishi huliimarisha badala ya kulificha. Lehemu isiyoshika vizuri hupitisha sauti leo na kuikata kesho. Waya wa kutuliza umeme unaokwenda darajani ukisahauliwa, amplifaya hunguruma. Fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo hukazwa robo mzunguko, kisha mbao huachwa zitulie. Mwenye pupa huilazimisha na kuivunja.

Kwa hiyo uundaji wa mtu wa boksi ni halisi pale tu ambapo mkono wake ungeweza kuharibu naye angeulizwa. Kipimo hiki hupanda na kushuka. Aliyefunga skrubu na kupaka mafuta mara moja ameunda kidogo. Aliyekichonga kichwa mwenyewe, akasawazisha freti zilizopanda na kushuka, akalainisha ncha zake kali na kutafuta urefu wa kila uzi ameunda zaidi, hata kama boksi ni lile lile.

Kipimo hicho kinafaa pia kwa magitaa mashuhuri. Mpiga gitaa Brian May na baba yake Harold walianza mwaka 1963 kuunda gitaa nyumbani. Shingo ilitokana na mbao ya meko ya zamani, na springi za kuyumbisha nyuzi zilitoka kwenye pikipiki. Hata hao, mwishowe, vinasa walinunua vya kampuni ya Burns. Mpiga gitaa mwingine, Eric Clapton, alinunua Stratocaster sita kuukuu huko Nashville mwaka 1970, akagawa tatu kwa marafiki, na vipande bora vya tatu zilizobaki vikaunganishwa kuwa gitaa moja, Blackie, lililouzwa mnadani mwaka 2004 kwa dola 959,500. Swali la kitu kilichobadilishwa vipande ni la kale: Plutarch alisimulia merikebu ya Theseus iliyobadilishwa ubao mmoja mmoja, na mwanafalsafa Thomas Hobbes, mwaka 1655, akauliza ingekuwaje mbao kuukuu zingekusanywa na kuundiwa merikebu ya pili. Mjenzi wa jahazi wa Lamu angeweza kujibu kwamba chombo hubaki chombo kile kile maadamu kinaendelea kwenda. Blackie ilipata umoja wake kwa njia hiyo hiyo, kwa kupigwa miaka mingi na mtu mmoja.

Linabaki suala la mapenzi. Mwaka 2012 watafiti Michael Norton, Daniel Mochon na Dan Ariely walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu hukithamini kitu kupita kiasi wakikiunganisha wenyewe, mradi wakimalize. Aristotle alikwisha kuligusa hilo katika Maadili ya Nikomako: fundi huipenda kazi yake kuliko ambavyo kazi ingempenda yeye kama ingepata uhai. Upendo huo si kosa, ila haufai kuwa ushahidi. Plato, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, alisema kwamba ubora wa filimbi anaujua mpigaji, na mtengenezaji humsikiliza yeye. Leo Fender aliuishi utaratibu huo kwa kuwapa wanamuziki magitaa wayajaribu na kuyalalamikia. Mtu wa boksi ni mtengenezaji na mpigaji kwa pamoja, kwa hiyo amempoteza hakimu wake. Akitaka hukumu ya haki, ampe gitaa mpigaji asiyejua limetoka wapi.

Na jina? Kichwa cha gitaa la vipande huja kikiwa kitupu, na vibandiko vya majina makubwa hupatikana madukani. Kuvibandika ni kumtwika mtu mwingine jukumu la mifereji ambayo hakuichonga. Lakini kuandika jina la mnunuzi peke yake, kana kwamba hakukuwa na kiwanda wala mchoro, nako kunaficha. Iliyo sahihi ni kueleza: mbao na shingo za seti, zimeunganishwa, kupakwa na kurekebishwa na fulani, mwaka fulani. Gitaa likija kuuzwa, freti ikikwaruza au lehemu ikiachia, mwenye nalo mpya atajua kipi amuulize nani.