Baada ya Dhiki Faraja: Je, Ushindi Husubiri Dhiki Iishe?

Methali hii haikosekani msibani wala wodini. Mtu akiachishwa kazi, akifiwa, au akikaa miaka kwenye ndoa bila mtoto, anayekuja kumjulia hali humwambia: baada ya dhiki faraja. Maana yake ya wazi haina utata. Shida ina mwisho, na mwenye kustahimili ataona nafuu. Waislamu na Wakristo wanaitumia sawasawa, na wote wana sababu ya kuipenda.

Lakini kuna swali ambalo methali imeliacha. Mwenye dhiki ana nini leo, kabla faraja haijafika? Na yule aliyekufa kwa ugonjwa uleule alioombewa usiku na mchana, tuseme alishindwa?

Hapo ndipo imani ya Kikristo inapoongezea neno. Mtume Paulo, katika sura ya 8 ya Waraka kwa Warumi, anataja dhiki, njaa, uchi, hatari na upanga, kisha anasema waaminio hushinda humohumo ndani yake. Hasemi kwamba watatolewa kwanza. Yeye mwenyewe aliomba mara tatu aondolewe mwiba uliomtesa mwilini, na haukuondolewa. Alichopewa ni neema ya kuubeba. Kule Filipi, yeye na Sila waliimba usiku wa manane miguu ikiwa kwenye mkatale, migongo ikiwauma kwa mapigo. Walipoanza kuimba, mlango wa gereza ulikuwa bado umefungwa.

Afrika Mashariki tunaye shahidi wetu wa jambo hili. Festo Kivengere, aliyewahi kuwa mwalimu Dodoma, alikuwa askofu wa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, enzi za Idi Amin. Tarehe 16 Februari 1977 maaskofu wa Kianglikana waliitwa Kampala. Askofu Mkuu Janani Luwum akazuiwa, wenzake wakaamriwa waondoke. Kesho yake ikatangazwa kwamba amekufa kwa ajali ya gari. Walioupokea mwili waliona matundu ya risasi. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe Mera walivuka milima kwa miguu, wakaingia Rwanda.

Maisha yake yalikuwa yamesalimika, basi faraja si ndiyo hiyo? La. Mwenyewe alisimulia kwamba chuki dhidi ya Amin ilimfuata hadi ugenini, ikamla ndani kwa ndani. Ijumaa Kuu ya mwaka huohuo alikuwa ameketi katika kanisa la All Souls, London, yakisomwa maneno ya Yesu msalabani akiwaombea msamaha waliokuwa wakimsulubisha. Likamjia swali: kama Amin ndiye angekuwa ameshika ile misumari, je, sala ile ingemruka? Jibu alilijua. Akamsamehe palepale, Amin akiwa bado Ikulu, yeye akiwa bado mkimbizi. Kitabu alichokitoa mwaka ule alikiita I Love Idi Amin, yaani Nampenda Idi Amin.

Majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda walimwondoa Amin mwaka 1979, na Kivengere akarudi kwao. Hiyo ndiyo faraja inayoahidiwa na methali, na ilikuwa faraja kweli. Ila ushindi wake wa kiroho ulikuwa umetangulia kwa miaka miwili. Sisi huchanganya mambo haya mawili, kutoka kwenye shida na kuishinda shida, na kuchanganya huko kumewaumiza wengi.

Niseme pia kwamba kushinda ndani ya dhiki si kukaa kitako ukiteswa. Kivengere alikimbia. Paulo alidai haki yake kama raia wa Rumi. Mwanamke anayepigwa na mumewe, akija kanisani kuomba msaada, asirudishwe nyumbani na methali mdomoni. Atafutiwe pa kukaa na apelekwe polisi. Mgonjwa aombewe na dawa anywe. Anayeitumia methali hii kumnyamazisha mtu anaikosea methali na anaikosea Injili.

Linalonisikitisha zaidi ni desturi ya ushuhuda makanisani mwetu. Anayeitwa mbele ni aliyepata kazi, aliyepata mchumba, aliyepata viza. Tunapiga vigelegele, na ni vyema. Lakini yule wa benchi la nyuma, mwenye saratani isiyopona, ambaye bado anaomba na bado anamwamini Mungu, haitwi. Wengine hata hunong'ona kwamba imani yake ni haba. Marafiki wa Ayubu walisema maneno ya namna hiyohiyo, na Mungu akawakemea.

Wachungaji wetu, Jumapili hii mwiteni naye. Mpeni kipaza sauti aseme Mungu amekuwa nani kwake humo alimo, na ninyi wengine mkimaliza kumsikiliza, mfuateni nyumbani mkamchotee maji.