Itayeyuka Tu

Ndugu msomaji, nina deni, na sijui nimlipe nani.

Nilipomaliza kidato cha nne nikakosa nafasi ya kuendelea, nilikwenda Moshi kubeba mizigo ya watalii. Safari moja tukalala ndani ya kreta ya Kibo, karibu mita 5,700 juu ya usawa wa bahari. Kibo ni mlima wa moto, umelala, haujafa. Kwenye shimo la Reusch mvuke ungali unatoka, unanuka salfa kama yai viza. Na humohumo kreta imesimama barafu ya Furtwängler, ukuta mweupe wenye nyufa. Moto na barafu, majirani wa siku nyingi!

Jioni mgeni mmoja akataka kipande cha barafu atie kwenye pombe yake. Nikasita. Akacheka, "Itayeyuka tu." Basi nikaokota jiwe, nikagonga. Bakshishi nikapata, nikanunulia daftari.

Mgeni hakusema uongo. Tangu 1912 zaidi ya robo tatu ya barafu ya Kilimanjaro imetoweka, na mwaka 2022 UNESCO ilionya kuwa huenda itakwisha yote ifikapo 2050. Kipande changu kimepunguza nini? Hakuna.

Niliporudi nyumbani nikamkuta bibi yangu hoi kitandani. Wajomba wanagawana kanga zake, naye anawaona. Mmoja akasema, "Si anakufa tu?" Hasira zikanipanda, nikafungua kinywa nimkemee. Neno halikutoka. Ile "tu" niliijua. Niliisikia kule juu, na nikaitii.

Utaniambia barafu haina uchungu, bibi anao. Kweli kabisa. Lakini mie siulizi habari ya barafu, nauliza habari ya mkono wangu. Mkono uliozoea kuchuma kwa kinachokwisha, siku moja utakumbuka kuuliza kama hiki ni barafu au ni mtu? Na kama kukaribia mwisho kunaondoa heshima ya kitu, nani kati yetu atabaki na heshima? Sote tunakwisha, bwana. Tumepishana siku tu.

Bibi alifariki wiki ile. Kanga niliyopewa nilimfunika nayo.

Daftari bado ninalo, ndilo hili ninaloandikia. Wewe mwenzangu, ungegonga?