Je, Kumpeleka Mzee Makaoni ni Kumtupa?

Liko swali ambalo watu hapa Kikwe na pande zote za Meru hulisema kwa sauti ya chini. Mzee akipatwa na maradhi ya akili, na watoto wake wakashindwa kumtunza, je, ni halali kumpeleka akae katika makao ya wazee? Wengi hujibu upesi, La! Husema, ng'ombe akivunjika guu malishoni huja zizini. Na zizi la mzee ni nyumba ya wanawe. Jibu hilo lina heshima, wala simdharau alisemaye. Hata Serikali, katika Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, imesema ya kuwa makao ni njia ya mwisho. Lakini natulipime vema neno hili, maana nadhani twauliza habari za mahali, na hali ilitupasa kuuliza habari za watu.

Kwanza tuujue ugonjwa. Uzee peke yake si ugonjwa, wala si kila mzee apoteaye maneno ana wazimu. Mmoja huchanganyikiwa ghafula kwa sababu ya malaria, au maradhi ya mkojo, au kukosa maji mwilini. Huyu apelekwe hospitali mara moja, naye aweza kupona. Mwingine ana huzuni nzito, hali wala hasemi; naye aweza kutibiwa. Wa tatu hupotewa na akili polepole, mwaka baada ya mwaka. Aina moja ya ugonjwa huu ilielezwa na daktari Alois Alzheimer huko Ujerumani mwaka 1906, lakini si wa Wazungu tu. Jirani zetu wa Hai walichunguzwa, na katika habari zilizotolewa mwaka 2013 ilionekana kwamba katika kila wazee 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, kama 6 wana maradhi ya namna hii. Basi mtu asiseme, bibi huyu ni mchawi. Kwa neno hilo wazee wanawake wameuawa katika nchi yetu, hasa Usukumani.

Sasa tulitazame zizi lenyewe. Asemaye, "Mzee abaki nyumbani," mara nyingi siye aamkaye usiku kumbadilisha nguo. Aamkaye ni binti mmoja au mkwe, ambaye mchana hulima, naye hana wa kumpokea zamu. Akichoka kabisa, humfungia mzee chumbani, au humfunga kamba asije akapotelea mtoni. Je, aliyefungwa kamba katika nyumba ya mwanawe hakutupwa? Kwa hiyo kukaa nyumbani si ushahidi wa kupendwa.

Lakini makao nayo si ushahidi wa kutunzwa. Tumfikirie mzee wa Kimeru aliyekuwa mtoto mwaka 1951, wenzetu walipofukuzwa Engare Nanyuki na nyumba zao zikachomwa moto, habari ambazo Kirilo Japhet alizifikisha mpaka Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Leo mzee huyo yuko makaoni, tuseme huko Njoro, Moshi. Ugonjwa umemwondolea ya jana ukamwachia ya utoto. Hata Kiswahili kimeanza kumtoka, amebaki na Kimeru. Usiku akisikia harufu ya moshi, huamka, akafunga mizigo, akalia. Mlinzi asiyejua habari zake ataona kichaa, atamkemea. Mlinzi ajuaye ataona mtoto anayekimbia moto, atamshika mkono na kumwambia, "Babu, moto umezimika." Mzee ni yule yule, na chumba ni kile kile. Tofauti ni kwamba yuko mtu aliyezileta habari zake.

Hapo ndipo nionapo wajibu wetu. Ampelekaye mzee makaoni asipeleke mwili na blanketi tu. Apeleke jina lake la heshima, rika lake, kazi aliyoifanya, wimbo aupendao na jambo aliogopalo. Kisha arudi kumtazama, tena na tena. Na walinzi, tunawaomba wasishindane naye kwa maneno, wasimbadilishie nyuso kila siku, nao wampe mikono yake kazi ndogo. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, wamekuwa wakipokea wagonjwa wa akili tangu mwaka 1904, na kazi za shamba na za mikono zimekuwa sehemu ya matunzo yao.

Mtu atasema, "Nimwendee kwa nini, naye hanijui, na nikiondoka hakumbuki kwamba nilikuja?" Ndugu yangu, deni halifutwi kwa sababu mwenye kudai amepoteza daftari. Alikulea wewe ulipokuwa hujui jina lake, wala hukumbuki usiku hata mmoja aliokesha kwa ajili yako. Tena, ajapokuwa amesahau uso wako, moyo wake hutulia akishikwa mkono na mtu ampendaye.

Basi jibu langu ni hili. Mzee hatupwi siku apelekwapo makaoni, wala haokolewi kwa kubakizwa nyumbani. Hutupwa siku ile mtu wa mwisho azijuaye habari zake anapoacha kumwendea. Kila mmoja na ajiulize, kwa mzee wake, mtu huyo wa mwisho ni nani.