Tundu la Koti na Tundu la Ukucha

Juzi niliketi meza ya waamuzi katika mdahalo wa sekondari: simu ziruhusiwe bwenini au zisiruhusiwe? Kijana wa upande wa kupinga akasimama, akatangaza kuwa amekuja kutoboa matundu katika hoja za wenzake, kama wasemavyo Waingereza. Kisha akamcheka msichana aliyeteleza ulimi akasema "asilimia mia na kumi". Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Siku hizi mitaani kutoboa ndiko kufaulu maisha. Labda kijana aliziunganisha maana zote mbili.

Msemo wenyewe asili yake ni koti. Katika Henry V, tamthilia ya Shakespeare ya mwaka 1599 hivi, Kapteni Fluellen anamsifu askari aitwaye Pistol kwa maneno yake ya kishujaa, mpaka mwenzake Gower anapomfumbua macho kwamba yule ni laghai tu. Fluellen hakimbilii kumchana nguo. Anasema koti la Pistol likionekana na tundu, atamkabili mwenyewe. Yaani tundu liwepo kwanza.

Waingereza pia huutumia msemo huo kwa kitenzi cha kuchokonoa, na hapo ndipo unapopata ukali wake. Kitambaa chochote, hata cha dukani leo, ukikishika uzi mmoja ukang'ang'ana nao, utakitoboa. Hujathibitisha kwamba kilikuwa kibovu. Umethibitisha kwamba una kucha. Ndiyo maana Mwingereza akiambiwa anachokonoa matundu, mara nyingi anakaripiwa.

Sisemi kila mkosoaji aje na sindano. Neno la "lete suluhisho" limekuwa kifuniko cha wakubwa wasiotaka kuulizwa. Fundi cherehani anayekiinua kitambaa kwenye mwanga kabla ya kukata amekwisha fanya kazi, hata kama kiraka atatia mwingine. Ninachodai ni kidogo: tundu uwe umelikuta, na liwe linapitisha baridi. La kwenye pindo halimgandishi mtu. Sisi tumezoea kushangilia la pindoni kwa sababu linachekesha, huku mgongo wote uko wazi.

Baada ya mdahalo kijana alinifuata. "Shikamoo mwalimu. Mbona nimetoboa halafu alama chache?"

"Marahaba. Yule msichana alisema simu zitamsaidia kila mwanafunzi kusoma usiku. Bwenini kwenu wangapi hawana simu?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole.