Kamba Isiyofungwa

Somo: Matendo ya Mitume 18:18–28

Kwenye mahubiri ya harusi Boazi na Ruthu hawakosi, Isaka na Rebeka hawakosi, na Waefeso 5 ndiyo usiseme. Priskila na Akila hawaalikwi. Nadhani ni kwa sababu Biblia haisimulii walivyochumbiana, haitaji watoto wao, wala haielezi walipendana kiasi gani. Inataja kazi waliyofanya, miji waliyohamia na wageni waliolala kwao. Mhubiri anayetafuta mahaba hapati pa kushika. Ila ukitafuta katika Agano Jipya mume na mke waliokula chumvi ya safari pamoja, hutapata wanaowashinda hawa.

Akila alikuwa mwenyeji wa Ponto, kando ya Bahari Nyeusi. Yeye na mkewe walikaa Italia mpaka Kaisari Klaudio alipowafukuza Wayahudi kutoka Rumi. Wakahamia Korintho, wakaendelea na kazi yao ya kushona mahema, wakampokea Paulo, fundi mwenzao. Somo letu linaanzia pale Paulo anapoaga Korintho na kupanda chombo katika bandari ya Kenkrea, na wawili hawa wamo chomboni. Wanashukia Efeso. Baadaye Paulo anawatumia salamu wakiwa wamesharudi Rumi, na katika Waraka wa Pili kwa Timotheo anawasalimu tena. Watu hawa nyumba yao ilikuwa mguuni.

Nimekuwa nikiwafikiria kwa sababu ya safari moja ya maji inayofanywa leo huko Amerika ya Kaskazini, na wengi wanaoifanya ni mume na mke waliostaafu. Inaitwa Great Loop, mzunguko wa kilomita zipatazo 9,600. Watu huanza popote wapendapo. Anayeanzia Florida hupanda na pwani ya Atlantiki hadi New York wakati wa machipuko, akaingia mto Hudson, akakata magharibi kwa Mfereji wa Erie uliofunguliwa mwaka 1825. Kiangazi humkuta Kanada na kwenye Maziwa Makuu. Majani yakianza kupukutika anaiacha Chicago nyuma na kushuka kwa mto Illinois na Mississippi, halafu anachepuka kwa mto Ohio na Tennessee, mpaka anatokea Mobile kwenye Ghuba ya Meksiko, na kutoka huko anarudi Florida. Wengi hutumia karibu mwaka mzima, na mwaka huo wote wanaishi ndani ya chombo ambacho sebule, jiko na chumba cha kulala vimetenganishwa kwa hatua chache tu. Mkikosana asubuhi, hakuna shamba la kwenda wala baraza la kukimbilia.

Katika jimbo la Ontario, kwenye njia ya maji ya Trent–Severn, pana mahali paitwapo Big Chute ambapo mashua husafiri nchi kavu. Gari kubwa la reli linazama majini, mashua inaelea juu yake na kushikwa kwa mikanda, kisha gari linapanda nayo kilimani, linakatisha barabara na kushuka upande wa pili. Watu hupiga picha kana kwamba jambo hili halijapata kutokea duniani. Korintho ya akina Priskila ilikuwa na barabara ya mawe, iliyojengwa karne kadhaa kabla ya Kristo, ya kuburutia vyombo kutoka bahari ya upande mmoja hadi ya upande wa pili. Hilo si fundisho, nimelitaja tu kwa sababu linanifurahisha.

Fundisho liko kwenye loki. Ni chumba kikubwa cha zege, kina lango mbele na lango nyuma. Mashua inaingia, lango la nyuma linafungwa, maji yanaingizwa au yanatolewa, na chombo kinapanda au kushuka hadi kilingane na maji yanayokingoja mbele. Katika mzunguko huu loki si moja wala mbili. Ile ya Jamie Whitten, kwenye njia ya Tennessee–Tombigbee, hushusha mashua karibu meta 25, na ukiwa chini kabisa unatazama juu kama aliyetumbukia kisimani.

Mmoja anakaa kwenye usukani, mwenzake anashika kamba. Kamba inazungushwa kwenye nguzo iliyo ukutani na ncha yake inarudi mkononi. Haipigwi fundo. Ukiifunga wakati maji yanashuka, mashua itabaki ikining'inia kwa ubavu mmoja, na hapo ama kamba ikatike, ama kishikio king'oke, ama chombo kilale upande. Loki kubwa za mitoni zina nguzo zinazoelea, zinazoshuka na maji ndani ya mfereji wake ukutani, lakini hata hapo mabaharia huonywa wasifunge, kwa kuwa nguzo huweza kukwama. Wengi huweka kisu karibu. Na ukiiachia kamba kabisa, msukosuko wa maji utaigeuza mashua na kuibamiza ukutani. Kwa hiyo mtu anasimama na glavu zake mbele ya ukuta wenye ute wa kijani, anatoa kamba kidogo, anavuta kidogo, hasinzii.

Huyu wa kamba na yule wa usukani lazima waongee, na hapo ndipo ndoa nyingi za majini zinapojulikana. Injini inanguruma, upepo unavuma, mmoja yuko omo na mwingine nyuma kwenye usukani. Mume anasema jambo, mke hasikii. Mume anapaza sauti. Mke anasikia sauti, hasikii neno, naye anajibu kwa sauti ileile. Kufumba na kufumbua gati zima linasikiliza kesi yao, ilhali kilichotakiwa kusemwa kilikuwa ni kwamba bado hatua mbili. Dawa waliyoipata ni hedifoni zenye maikrofoni, kila mmoja na yake, wakaongea kwa sauti ya kawaida kama walioketi mezani. Mabaharia wenyewe wamezibatiza jina: waokoa ndoa.

Sasa rudi Efeso. Paulo amewaacha hapo na kuendelea na safari. Anafika kijana mmoja, au niseme mwanamume mmoja, kwa kuwa umri wake hautajwi: Apolo, mzaliwa wa Iskanderia, fasaha, hodari katika Maandiko, roho inamwaka. Anasimama katika sinagogi na kufundisha habari za Yesu kwa usahihi. Ila ana pengo. Anaujua ubatizo wa Yohana tu.

Priskila na Akila wamo humo wanasikiliza. Hawa ni watu waliokaa na Paulo nyumba moja, wakafanya kazi naye. Pengo lile wamelisikia. Wangeweza kuinuka palepale, na haki ilikuwa upande wao. Luka anatuambia walimchukua kwao, wakamfafanulia njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Aya moja tu, ya 26.

Mimi naamini sauti ile ya chini hawakuianza siku ya Apolo. Mume na mke waliozoea kurekebishana kwa makelele hawawezi kumrekebisha mgeni kwa upole. Watafika naye nyumbani na mazoea yatawaumbua. Hawa walikuwa wameshashona turubai moja, huyu ameshika upande huu na yule upande ule, na walishapita safari za kufukuzwa na za kuhama kwa hiari. Apolo alipoketi nyumbani mwao alikutana na namna ya kusema ambayo wenyewe walikuwa wakiitumia kila siku.

Siku hizi mhubiri kijana akiteleza, anarekebishwa wapi? Wakati mwingine madhabahuni, mbele ya watu wote, na mzee aliyeshika kipaza sauti baada yake. Wakati mwingine kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, saa nne usiku, na mistari ya Biblia imebandikwa chini kama mihuri ya mahakama. Mafundisho yanaweza kuwa sahihi kabisa. Lakini kijana yule amesikia sauti, neno hakulisikia.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji mwepesi huliruka. Wawili hawa wametajwa mara sita katika Agano Jipya, na kila mara wako pamoja. Hakuna aya ya Akila peke yake wala ya Priskila peke yake. Tena mpangilio wa majina hubadilika. Mara mbili Akila ametangulia, mara nne Priskila. Katika dunia ya zamani zile, jina la mke kutangulia la mume halikuwa jambo la kawaida, na wafafanuzi wamelieleza kwa njia nyingi. Mimi nashikilia lililo wazi: waandishi hawakuona haja ya kulinda nani atangulie, na wenyewe hawaonekani kulipigania.

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na ni kweli wakishika usukani wote kwa mara moja. Mabaharia wa Great Loop wana ushauri tofauti kidogo. Mazoea ni mume kuendesha na mke kurukaruka na kamba. Wenye uzoefu huwaambia wanaoanza wabadilishane: usukani unahitaji vidole tu, kamba ndiyo inayotaka mabega. Na iwapo nahodha ataanguka mgonjwa katikati ya Ziwa Michigan, mwenzake asiyewahi kushika usukani atamfikishaje bandarini? Nawafahamu wajane wengi, na wagane pia, waliojifunza hilo nchi kavu, siku walipolazimika kutafuta hati ya kiwanja ambayo mwenzao ndiye aliyejua ilipo.

Apolo hakukaa sana. Alitaka kuvuka kwenda Akaya, na ndugu wa Efeso wakamtia moyo, wakawaandikia wanafunzi wa huko wamkaribishe. Akaya ni upande ule ambako Korintho ipo, mji ambao Priskila na Akila walikuwa wameuhama si muda mrefu, na walikuwa na kila sababu ya kumtaka mtu hodari kama huyu abaki sebuleni mwao Efeso, kundi likue, nyumba ijae. Walimshika alipohitaji kushikwa. Maji yalipokuwa tayari, kamba ilikuwa mkononi, haikuwa na fundo.

Alikofika alisaidia sana, akawa na jina. Jina lenyewe likawa kubwa kiasi kwamba Wakorintho wakaanza kugawanyika, wengine wakijiita wa Paulo, wengine wa Apolo, wengine wa Kefa. Hatusomi popote kwamba yuko aliyejiita wa Priskila, wala wa Akila. Paulo aliwaandikia Wakorintho kuhusu mafarakano hayo akiwa Efeso, na mwishoni mwa waraka huohuo, katika sura ya 16, akaweka salamu nyingi kutoka kwa mume na mke hawa, pamoja na kanisa lililokuwa likikutana nyumbani mwao.