Mahoka na Misa ya Marehemu

Wapogoro walikuwa na jina la Muumba, Mlungu, kabla Wabenediktini hawajafungua misheni ya Kwiro, Mahenge, mwaka 1902. Ugomvi wao na misheni basi haukuhusu Mungu, ulihusu marehemu. Tambiko lilipoitwa ibada ya mashetani, mahoka, yaani wazee waliotangulia, walikalishwa kwenye kiti cha Mungu, mahali ambapo wajukuu wao hawakuwaweka. Anayemwaga pombe na unga kaburini humsemesha babu kama babu: humtaja jina, humlalamikia, humsihi asikasirike. Hiyo ni adabu ya ukoo, na kuihukumu kuwa dini shindani kulikuwa kosa.

Nitajibiwa kwa Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, inayokataza kuwauliza wafu. Hoja hiyo ni nzito. Ila katazo lile limo katika orodha ya ramli na uchawi, na Kanisa Katoliki lenyewe huwaombea marehemu kila tarehe 2 Novemba na kuwaomba watakatifu. Padre Charles Nyamiti, Mtanzania, alithubutu mwaka 1984 kuandika juu ya Kristo kama Mzee wetu wa jadi. Pasipoweza kutetewa ni hapa: hofu ya mizimu huzaa swali la nani kamroga nani. Huko Ulanga, wilaya yenye Mahenge, watuhumiwa wamekuwa wakipelekwa kwa waganga kunyolewa ili uchawi uwatoke, na mara nyingi mtuhumu naye hunyolewa, jambo linalopoza ugomvi lakini halifuti tuhuma. Babu akishafanywa shahidi dhidi ya jirani, mchungaji anayekemea ana haki kabisa, nami nasimama naye.

Tena tambiko lina mpaka wake. Katika kijiji kama Mkula, chini ya Milima ya Udzungwa, makabila mengi yanaishi pamoja na makaburi ya wengi yako mbali. Kila ukoo una wazee wake, na jirani hana nafasi humo. Misa ya marehemu inaweza kuwataja wote kwa pumzi moja, na hili naliona kuwa zawadi kubwa ya Ukristo kwa kijiji kama hicho. Mapadri na wachungaji, pokeeni basi hata majina ya wasiobatizwa. Babu aliyefariki kabla ya 1902 hakuikataa Injili, ilikuwa haijamfikia.